Nani Kanunua Misumari

Baraza letu liko Ngamiani, Tanga, kwenye kivuli cha nyumba ambayo mwenyewe alikwisha choka kutufukuza. Tunakutana baada ya swala ya alasiri. Yupo Karani, mstaafu wa serikali ambaye hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja, na ambaye hutukumbusha jambo hilo tukisahau. Yupo Mwalimu, aliyefundisha historia na Kiswahili, na mpaka leo hunyoosha kidole kabla ya kusema kana kwamba yeye ndiye mwanafunzi. Yupo Fundi, muunda mashua. Muuza Kahawa huja na dele lake na kashata, akaambiwa yeye ni wa kupita tu, kisha akakaa mpaka magharibi. Ng'ambo ya njia, mlangoni kwake, hukaa Mama Vitumbua, mkewe Fundi, akipeta mchele wa kesho. Husikia kila neno, na kwa kawaida hasemi.

Siku hiyo alikuja Binti. Ni muuguzi, ana ajira ya kudumu, bima, na mshahara usioruka mwezi. Alitoa shikamoo kwa kila mmoja kwa zamu, akaketi ukingoni, akasema anataka kuacha kazi aende Unguja akasome kanuni.

Muuza Kahawa akauliza, "Kanuni za nini, za barabarani?"

"Kanuni ya taarab, mjomba. Ile yenye nyuzi sabini na kitu."

Basi hapo ndipo jioni yetu ilipoharibika, au ilipotengenea. Nimeandika yaliyosemwa kadiri nilivyokumbuka. Nimepunguza ukali wa Karani na urefu wa Mwalimu.

KARANI: Mwanangu, kazi unayo. Wenzako wamesomea uuguzi huo huo, wako nyumbani wanauza vocha. Wewe umepata, unataka kutupa ukapige nyuzi? Siku nyuzi zikikosa wasikilizaji utakula nini, ubao wake?

BINTI: Sijasema kazi yangu mbaya, babu. Nikitoka zamu ya usiku miguu inavimba, lakini sijutii. Ila juzi redio ya kinyozi ilikuwa inapiga taarab ya zamani, kanuni ikaingia peke yake. Nikasimama na mfuko wa samaki mkononi, barafu ikaniyeyukia yote kwenye viatu. Nimefika nyumbani mama ananiuliza samaki gani hawa.

FUNDI: Yatosha. Mimi sihitaji shahidi mwingine.

KARANI: Kusimama njiani ndiyo ushahidi? Mimi nikinusa pilau husimama.

FUNDI: Pilau ukishiba unaondoka. Wewe binti, ulipoondoka ulikuwa umeshiba?

BINTI: Hapana.

FUNDI: Haya.

Karani alicheka kwa pua. Fundi si msemaji, lakini ukimgusa kwenye mashua atakukalisha mpaka kahawa ipoe, na hapo alikuwa amekwisha guswa.

FUNDI: Sikiliza. Mashua ina mkuku, ina mbao, na ndani ina mataruma, ndizo mbavu zake. Taruma halikatwi kwenye ubao ulionyooka. Ukilikata hivyo umevunja nyuzi za mti, na siku ya wimbi kubwa litapasuka. Taruma hutafutwa kwenye tawi lililopinda lenyewe, la mwembe au la mkorosho, lenye kona ile ile unayoitaka. Kwa hiyo mimi nikitembea sitazami watu. Natazama matawi. Nikienda maziarani, Mungu anisamehe, wenzangu wako kwenye dua nami jicho liko juu. Kuna tawi moja njia ya Pongwe nalitazama mwaka wa sita huu. Mwenyewe hataki kuuza. Nalisubiri. Nani ananilipa kutazama matawi? Hakuna. Zimekuja boti za faiba, wanazimimina kwenye kalibu kama maandazi, muda si muda chombo kiko majini. Wamenifuata mara mbili niwe msimamizi wao, na fedha yao nzuri. Nimekataa mara mbili.

MUUZA KAHAWA: Fedha yao kiasi gani?

FUNDI: Nzuri, nimesema. Sasa kalafati. Unaichovya pamba kwenye sifa, mafuta ya papa yale, unaisukuma katika mshono wa mbao, unagonga. Mwanzo nyundo inalia tupu, kama kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Unagonga, unagonga, mara sauti inageuka, inalia nzito. Mshono umejaa. Saa hiyo niwekee mbele yangu ubwabwa na kuku, sitauona.

Niseme wazi kwamba mpaka hapo nilikuwa upande wa Karani. Nimeona vijana wengi waliofuata moyo wakarudi wamekonda, na moyo wenyewe wameuacha huko huko. Lakini habari ya tawi la Pongwe ilinitikisa. Miaka sita mtu anapita chini ya mti wa watu akitazama juu. Hiyo si hamu ya kupita. Nikajiuliza mimi mwenyewe nikitembea natazama nini, nikaona afadhali niagize kikombe kingine.

MWALIMU (kidole juu): Wazee walikwisha sema, kipendacho moyo ni dawa.

KARANI: Na wazee hao hao walisema kipendacho roho hula nyama mbichi. Mbona ya pili hamuitaji?

MWALIMU: Naitaja. Siti binti Saad alikula nyama mbichi. Mtoto wa Fumba, nyumba ya wafinyanzi, hana shule, akichukua vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja, ana sauti yake tu. Wakamcheka sura, wakamcheka asili, naye akawajibu kwa kuimba. Mwaka 1928 akapanda meli na wapigaji wake kwenda Bombay kurekodi santuri, na baada yake hakuna aliyeuliza tena kama mwanamke wa Kiswahili anaweza kuimba kwa Kiswahili chake akasikilizwa na mabwana. Angebaki na vyungu angekuwa salama.

KARANI: Na wafinyanzi wengine wa Fumba, Mwalimu? Walioingia mjini na sauti zao nzuri, wakaimba, wakarudi na miguu yenye vumbi? Watajie majina. Huwezi. Ndilo tatizo la hadithi zenu. Mnahesabu chombo kilichofika bandarini. Kilichozama hakina nahodha wa kusimulia.

Hapo pakawa kimya. Hata Mwalimu alishusha kidole. Katika jioni nzima sikusikia hoja nzito kuliko hii, na nasema kwa uaminifu kwamba hakuna aliyeijibu. Tuliizunguka tu kama watu wanavyozunguka shimo la maji machafu.

BINTI: Lakini Bi Kidude hakuacha kitu, babu. Alikuwa anatengeneza wanja, anapiga hina, anawacheza watoto unyago, na anaimba. Tuzo kubwa ya muziki ya WOMEX alipewa 2005, mtu mzima kabisa. Na mpaka anafariki 2013 hakuwahi kujifanya bibi wa ofisini.

KARANI: Umenisaidia mwenyewe! Umesema hakuacha kitu. Sasa wewe unaacha kwa nini? Na mimi nitakupa wa kwetu hapa hapa. Shaaban Robert. Mzaliwa wa Vibambani, si mbali na tulipokaa. Mwaka 1926 aliingia forodhani, karani. Pangani amekaa forodhani. Akatoka huko akaingia idara nyingine, karani vile vile. Miaka thelathini na zaidi anaandika barua za serikali mchana, na mashairi na riwaya kwa wakati wake. *Kusadikika* imetoka 1951, mtu yuko kazini. Hakusimama akasema, "Bwana mkubwa, naacha kazi, moyo unaniita." Aliupa moyo usiku, mchana akaupa mshahara. Na nani katika sisi amemshinda?

MWALIMU: Lakini leo madaftari ya forodha nani anayasoma?

KARANI: Hakuna. Lakini ndiyo yaliyomlisha aliyeandika yale unayosoma wewe. Amina, mkewe, alifariki akamwachia watoto wadogo. Ungemwambia mgane yule aache kazi atunge? Watoto wangekula vina au mizani?

FUNDI: Basi mimi nitawapa Tingatinga. Alitoka Tunduru huko, akaja Tanga hii kufanya kazi za mkonge kama baba zetu. Akaenda Dar es Salaam, akafanya vibarua, kazi za majumbani. Mwaka 1968 akaanza kuchora, kwenye vipande vya ubao, kwa rangi za kupakia baiskeli. 1972 akapigwa risasi na polisi usiku, kwa makosa, akafa. Miaka minne, bwana Karani. Miaka minne tu, na leo jina la mtu limekuwa jina la picha. Angesubiri pensheni?

KARANI: Na yeye alipata nini?

FUNDI: Alipata ile miaka minne.

Karani alifungua mdomo, akaufunga. Akaomba kashata.

Mwalimu aliona nafasi yake imefika. Alitueleza kwamba raha na furaha tunazichanganya kama sukari na chumvi gizani. Raha, katika Kiarabu ilikotoka, ni mapumziko, mtu kutua mzigo. Furaha ni moyo kukunjuka, na moyo unaweza kukunjuka mzigo ukiwa bado kichwani. Alieleza kwa kirefu. Narudisha kwa kifupi. Nilichokipenda ni jinsi alivyomgeukia Binti.

MWALIMU: Huyu hatafuti raha. Atakaye raha hajifunzi kanuni akiwa na miaka 29.

BINTI: Kweli, Mwalimu. Nimeambiwa kulinganisha nyuzi zile tu ni kazi ya kutoa jasho, na hewa ya pwani ikizilegeza unaanza upya. Mwaka jana nilikwenda Unguja harusini, nikapita Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Mpigaji mmoja akanivalisha pete zake mbili, hivi, kwenye vidole vya shahada. Pete ina kijipande chembamba cha kukwaruzia uzi. Nikagusa mara moja. Mkono ulinitetemeka kama siku ya kwanza nilipomchoma mtoto sindano. Si raha hata kidogo. Nilitaka kulia.

MUUZA KAHAWA: Mimi nina swali moja, kisha naondoka. Yule mzee wa Mbulu, mkimbiaji wa marathoni, John Stephen Akhwari. Mexico, 1968. Kaanguka, goti limechanika, wenzake wamefika zamani, watu uwanjani wanatoka, yeye ndiyo anaingia anachechemea. Pale alikuwa na furaha?

Hakuna aliyejibu haraka.

FUNDI: Pale, hapana.

MUUZA KAHAWA: Basi mnaposema fuata ukipendacho upate furaha, mnamdanganya mtoto. Semeni fuata, furaha ina miguu yake.

Akagonganisha vikombe vyake, akainuka, na kama kawaida yake hakuondoka.

Nilidhani mazungumzo yameishia hapo, na ningefurahi yaishie hapo maana neno la Muuza Kahawa lilikuwa zuri la kuandikia. Lakini ng'ambo ya njia ungo ulikuwa umenyamaza. Mama Vitumbua alikuwa ameuweka chini, anatutazama.

MAMA VITUMBUA: Mume wangu, hiyo mashua ya mwisho uliyoteremsha, misumari nani kanunua?

FUNDI: Ya chombo gani?

MAMA VITUMBUA: Ile uliyokuwa unagonga kalafati huoni kuku. Misumari nani kanunua?

Fundi alitazama mikono yake.

MAMA VITUMBUA: Nimenunua mimi. Na pamba nimenunua mimi. Mwenye chombo kachelewesha malipo miezi minne, na nyumba hii imekula vitumbua. Miaka thelathini naamka saa kumi alfajiri. Nasaga mchele uliorowekwa, natia tui, iliki, nasubiri uumuke, nawasha moto, nakaa mbele ya kikaango chenye vishimo saba. Kitumbua ukikichelewesha kinaungua, ukikiwahisha kinachanika. Unakigeuza na spoki ya baiskeli, hivi, kimoja kimoja. Sisemi najuta. Mashua ikiingia majini mimi ndiye wa kwanza kupiga vigelegele, mnanisikia. Lakini usikae barazani ukamwambia mtoto wa watu ulikataa faiba wewe. Tulikataa wawili, na mmoja hakuulizwa.

KARANI (taratibu sana): Na wewe shemeji, ulikuwa unataka nini?

MAMA VITUMBUA: Kulala.

Tukacheka wote. Yeye hakucheka.

MAMA VITUMBUA: Kulala mpaka jua litoke. Wakati wanangu wadogo nilikuwa naliwaza jambo hilo kama watu wanavyowaza Makka. Sasa wamekua, siku moja moja napata nafasi, na ikifika saa kumi jicho linafunguka lenyewe.

Aliokota ungo wake. Kisha, bila kututazama sisi, akamwuliza Binti mguu wa mama yake unaendeleaje. Binti akasema bado, anaukanda jioni kwa maji ya moto. Mama Vitumbua akauliza ukiwa Unguja nani ataukanda. Binti akasema mdogo wake yupo. Akauliza, mdogo wake anajua kwamba yupo? Binti akanyamaza.

MAMA VITUMBUA: Nenda kakae nao. Usiwaambie moyo wako unataka nini, hilo wanalijua tangu siku ya samaki. Waambie miezi mingapi, na fedha ngapi itapungua, na nani atabeba ndoo. Mmoja mmoja. Atakayebeba akubali kwa mdomo wake.

BINTI: Na wakikataa, mama?

Mama Vitumbua alipeta mara mbili, tatu. Makapi yakaruka. Hakujibu, na mimi sina cha kumjazia.

Nimekaa na jambo hili tangu siku ile. Sisi barazani tuliligombania kama vile kuna watu wawili tu, mtu na moyo wake, tukabishana nani amtii nani. Hatukumwona wa tatu. Kila anayefuata jambo lake amesimama juu ya mabega ya mtu, na mara nyingi mwenye mabega ndiye anayetakiwa kusema hongera. Siti alikuwa na wapigaji waliokubali kupanda naye meli. Shaaban Robert alijibebesha mwenyewe, mchana na usiku, na labda ndiyo sababu Karani anampenda kuliko wote. Kwa Fundi mabega yalikuwa yanatengeneza vitumbua hatua ishirini kutoka tulipokaa, na miaka yote hiyo tulivila tukavisifu.

Lakini lililonishangaza zaidi jioni ile lilitoka kwa Karani. Jua lilikuwa linazama alipomwita Binti.

KARANI: Wewe. Umesema kuacha kazi. Nani kakwambia kuna kuacha au kubaki tu? Omba likizo bila malipo. Miezi mitatu, minne. Una barua ya ajira? Tarehe ya kuthibitishwa kazini unaijua? Kalamu nani anayo?

Mwalimu, kama ilivyotarajiwa, alikuwa nayo. Karani akapakata daftari la Binti. Akaandika anwani ya mwandikiwa, akaifuta. Akauliza cheo kamili cha mkuu wake, akakataa cheo alichotajiwa, akasema hakuna cheo cha namna hiyo serikalini, nenda kakiulize. Akaandika "Yah:" akaipigia mstari kwa ukingo wa kisahani ili unyooke. Sentensi ya kwanza aliichana mara mbili kwa sababu ya koma. Alikuwa ameinamisha shingo, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la pili. Muuza Kahawa akamwekea kikombe. Hakukiona. Adhana ikalia, sisi tukainuka, yeye akainua mkono mmoja bila kutazama, maana yake tangulieni nawafuata.

Fundi alisimama juu yake akimtazama, kisha akanigeukia mimi, akainua nyusi. Hatukusema kitu.

Barua ilikwenda. Ninapoandika haya bado haijajibiwa. Binti amekaa na mama yake na mdogo wake. Nilimwuliza wamesemaje, akasema mdogo wake amekubali ndoo lakini mguu bado wanajadiliana.

Na asubuhi iliyofuata jioni ile ya barazani, natoka msikitini alfajiri, nikaona moto ng'ambo ya njia. Aliyechuchumaa mbele ya kikaango alikuwa Fundi, spoki ameishika kama tezo, jicho limetoa machozi kwa moshi. Mlango wa ndani ulikuwa umefungwa. Vitumbua saba vya kwanza viliungua vyote, akatuuzia hivyo hivyo, na hakuna aliyedai chenji. Alifanya siku mbili. Siku ya tatu Mama Vitumbua alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, akisema mwanamume yule anaharibu mchele.